Naomba ushauri: mwanamke kwenye mabango ya kuita watu vitani, nikate wapi?

NgalawaMbovu
Wakuu, habari za majukumu. Niko mwaka wa tatu, nasoma historia. Tasnifu yangu inahusu mabango ya kuandikisha askari na jinsi yalivyomchora mwanamume na mwanamke. Msimamizi kanirudishia pendekezo, kaandika "pana mno" kwa wino mwekundu. Nilitaka kuchukua vita vyote viwili vya dunia, Uingereza na Marekani, pamoja na yule dada wa kitambaa chekundu kichwani anayekunja mkono. Hoja yangu: mabango yalimpa mwanamke sauti. Wajuzi karibuni.

Mzee wa Nyaraka
Mkuu, huyo dada mtoe kwanza. Bango lile la J. Howard Miller, "Tunaweza!", lilibandikwa ndani ya viwanda vya kampuni ya Westinghouse, Marekani, Februari 1943, kuwatia moyo wafanyakazi. Halikumwita mtu jeshini, na umaarufu wake ni wa miaka ya 1980.

Sasa hiyo sauti. Chukua bango la 1915 la Kamati ya Bunge ya Kuandikisha Askari, Uingereza: "Wanawake wa Uingereza wasema: Nenda!" Wanawake wawili na mtoto wako dirishani, wameshikana, nje askari wanapita. Waliotunga maneno ni kamati ya bunge ambalo halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja, na mwanamke mwenyewe kura ya kuchagua bunge hilo alikuwa bado hajapewa, hadi 1918. Eti "wasema"! Anayeambiwa ni kijana apitaye barabarani na nguo zake za kiraia. Mwaka huohuo bango jingine liliwauliza wasichana wa London kama wapenzi wao wamevaa kaki, yaani sare ya jeshi. Hapo mwanamke anasemeshwa kweli, lakini kazi anayopewa ni kumsuta mwanamume.

Bi Mshakushaku
Mzee wa Nyaraka, usiwafanye wanawake vikaragosi. Agosti 1914 Admeri Charles Fitzgerald alipowakusanya wanawake kule Folkestone wagawe manyoya meupe, alama ya uoga, kwa vijana wasio na sare, waliogawa ni wao kwa mikono yao. Na Julai 1915 Emmeline Pankhurst, mpigania kura za wanawake, aliongoza maandamano London kudai wanawake wapewe kazi za vita. Mtoa mada, weka hilo ndani, la sivyo utaandika nusu ya habari.

KataKwaSheria
Mimi ningekata kwa tarehe. Uingereza, Agosti 1914 hadi Januari 1916. Muda huo jeshi lilikuwa la hiari, kwa hiyo serikali ilihitaji aibu. Januari 1916 ikapita sheria ya kuwachukua kwa lazima wasio na wake, miaka 18 hadi 41. Mei ikawafikia na wenye wake. Ukishakuwa na sheria, ya nini kumbembeleza mtu kwa picha?

Ndani ya muda huo liangalie sana bango la Savile Lumley, 1915. Baba kakaa kitini, binti yuko mapajani na kitabu, anauliza: "Baba, wewe ulifanya nini katika Vita Kuu?" Mvulana yuko sakafuni anachezea askari wa bandia. Baba hamtazami binti, anakutazama wewe. Na vita ndani ya picha vimeshakwisha, wakati huku Ufaransa watu bado wanauana. Hata mtoto wa kike kapewa kazi ya kuuliza, wa kiume kapewa askari wa kuchezea.

Kibatari
Kuhusu Marekani, ipate hata aya moja. 1917 Howard Chandler Christy alichora msichana kavaa sare ya baharia, anacheka: laiti ningekuwa mwanamume, ningejiunga na Jeshi la Majini. Machi mwaka huohuo jeshi hilohilo lilianza kuandikisha wanawake kwa kazi za ukarani!

Mpagazi
Huku kwetu 1915 hakuna aliyebembelezwa na mama wa dirishani. Waingereza Kenya walitunga sheria ya kuwachukua watu kwa lazima wawe wapagazi wa jeshi, machifu wakaagizwa walete watu.

NgalawaMbovu
Asanteni sana. Nakata hapo: Uingereza, hiari hadi lazima, na hoja iwe nani anasemeshwa. Ya Bi Mshakushaku nayo inaingia. Picha safi nitazipata wapi bila kulipia?

Mzee wa Nyaraka
Tovuti ya Imperial War Museums, makumbusho ya vita ya Uingereza, au ya Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani. Mabango ya kamati ile yana namba chini kwa maandishi madogo. Lile la dirishani ni namba 75. Nakili namba ya kila moja, msimamizi atakuuliza.