Mliolea njiti (watoto waliozaliwa kabla ya wakati) tupeane uzoefu, joto mlilimuduje mkishatoka hospitali?

Habarini wapendwa. Binti yangu kazaliwa wiki 31, kilo 1.4, nikajua mashine ya kumpa joto ndo inafanya kila kitu, kumbe siku ya pili tu nesi akaniambia mama vua blauzi, akamweka kifuani ana pampasi, kofia na soksi tu, tukafungwa pamoja na khanga na blanketi juu. Naogopa hata kupumua. Alikuwa na joto nyuzi 35.8, baada ya muda kupima tena 36.7, nililia jamani. Wanataka awe kati ya 36.5 na 37.5. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, akipoa nguvu zote zinaishia kujipasha, kunyonya kunamshinda na uzito haupandi. Sasa wiki ijayo tunaruhusiwa na mi naishi Makambako, baridi ya huku mnaijua. Nyumbani mlifanyaje?

Baba mapacha, Mwanza:
Hongera dada. Sisi mmoja kwa mama mmoja kwangu. Usiku nilikuwa nalala nimeegemea mito nusu kukaa, mtoto kasimama kifuani kichwa kageukia pembeni ili pua iwe wazi. Mama mkwe mwanzoni alishangaa, wiki ya pili akawa anadai zamu yake.

Mama K, Lushoto:
Usikubali jiko la mkaa chumbani!!! Mimi wazee waliniletea kwa nia njema kabisa na madirisha yamefungwa, bahati dada yangu aliingia akakuta kichwa kinaniuma vibaya, akalitoa haraka. Moshi huuoni lakini ile hewa inaua. Na chupa ya maji ya moto inaunguza ngozi ya njiti. Kuogesha nako niliacha kwanza, nikawa namfuta kidogo kidogo na kumkausha hapohapo, nepi ikilowa natoa fasta.

Nesi wa wodi ya watoto:
Mguse miguu na tumbo. Miguu baridi tumbo la moto, ameanza kupoa, mrudishe kifuani. Vyote baridi, au amelegea hanyonyi, nenda hospitali muda huohuo na njiani akae kifuani. Hii njia ya kumweka kifuani ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, mashine zilikuwa hazitoshi, na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema angalau saa 8 kwa siku, zikifika 24 ndo vizuri zaidi.

Mleta mada:
Asanteni sana. Baba mapacha, mliacha lini kuwaweka kifuani?

Baba mapacha, Mwanza:
Walipokaribia kilo 2.5 wakaanza wenyewe kurusha miguu na kulia tukiwafunga, joto linawazidi wanaishia kutoka jasho, ndo tukajua basi.