Mshambuliaji wa hoki ya barafu anayehamahama

Kijana wa Shella, Malindi: Salaam aleikum, wakuu. Mike Sillinger alichezea timu 12 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini. Mchezaji mzuri huhamaje hivyo?

Mzee wa Ngomeni: Waaleikum salaam, mwanangu. Mara 9 alibadilishanwa na wachezaji wengine. Alikuwa hodari wa kuwania kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, mwamuzi anapokiangusha, na timu inayosaka mtoano huutafuta ujuzi huo hasa. Si haba!

Mama Mambrui: Tazama na mkataba. Ule wa ngazi mbili una mshahara wa NHL, na mdogo zaidi akishushwa AHL, ligi iliyo chini yake. Mwenye uzoefu kwa kawaida hashushwi moja kwa moja: timu nyingine hupewa saa 24 kumchukua, zilizo chini kwenye msimamo zikitangulia. Hapo huhama bila kuulizwa.