Msaidizi wa AI: tubaki na ya bure au tulipie?

Mwalimu_Moro
Wakuu, naomba ushauri. Nafundisha Kiswahili sekondari na natumia ChatGPT ya bure kuandaa maandalio ya somo na mitihani. Kazi ikinoga tu, naambiwa nimefikia kikomo, nisubiri saa kadhaa. Plus, yaani ChatGPT ya kulipia, ni dola 20 kwa mwezi, na Claude Pro, ya kulipia ya msaidizi mwingine, hivyo hivyo. Hiyo ni karibu shilingi elfu 50 za huku Tanzania, na nina watoto wanaosoma. Nilipie?

Binti_Kilifi
Mwalimu, kikomo unakifikia kila siku au msimu wa mitihani tu? Kama ni msimu, lipia mwezi huo mmoja na ukatishe usajili siku ileile. Utaendelea kuitumia mpaka mwezi uishe. Mimi hulipa kwa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa, inakata moja kwa moja kwenye salio la M-Pesa, benki siendi.

Fundi_Kodi
Kabla ya kutoa hela, komaa na za bure kwanza. ChatGPT, Gemini na Claude kila moja ina kikomo chake. Ikigoma hii, hamia ile. Notisi zako za PDF ziweke NotebookLM, nayo ina toleo la bure: inajibu kutoka kwenye nyaraka ulizoipa na kukuonyesha jibu limetoka wapi.

Halafu acha kuomba swali mojamoja. Andika mara moja: "Kidato cha 2, ngeli za nomino, maswali 10, matano ya kuchagua, weka na majibu." Na mada mpya ifungulie mazungumzo mapya. Mazungumzo yakirefuka, kila ujumbe unasomwa pamoja na yote yaliyotangulia, hasa kwenye Claude unaona kabisa kikomo kinawahi.

Mhariri_Znz
Naongeza kuhusu Kiswahili chenyewe. Mimi nalipia, na bado nakagua kila mstari. Ukiomba methali inaweza kukutungia ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuisikia, na upatanisho wa kisarufi huteleza sentensi zikiwa ndefu. Kulipa kunakupa nafasi zaidi na modeli (yaani ile AI yenyewe inayokujibu) zenye nguvu zaidi, ila mtihani wa watoto usiuchape bila kuusoma.

Nesi_Ubungo
Na jamani, kulipia Plus si kununua faragha. Kama ilivyo kwa bure, mazungumzo yako yanaweza kutumika kufundishia modeli mpaka uzime mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya vidhibiti vya data. Mwalimu, majina na alama za wanafunzi usiziweke humo kabisa.

Mwalimu_Moro
Nashukuruni sana. Majina nilikuwa sijayafikiria, nazima leo. Nitachanganya za bure, mwezi wa mitihani nalipia mmoja. Dada Binti, GlobalPay si ya Kenya tu? Huku kwetu je?

Fundi_Kodi
M-Pesa ya Vodacom ina kadi ya Visa ya mtandaoni, itafute ndani ya programu yao. Weka salio la kutosha malipo hayo tu.