Mjadala: Je, zana za kujenga programu ziache kuita vitu vya mbali, zitume data tupu?

Mleta hoja

Wadau, zana kama Buildbot, inayojenga na kupima programu yenyewe, ina pande mbili: msimamizi anayepanga kazi, na watendaji wanaoendesha amri kwenye mashine nyingine. Kwa miaka mingi pande hizo zimezungumza kupitia Perspective Broker (PB), itifaki ya kuita vitu vya mbali iliyo ndani ya Twisted, maktaba ya mtandao ya Python. Msimamizi anashika rejea ya kitu kilicho hai upande wa pili, anaita `callRemote`, anangoja jibu. Siku hizi ipo pia itifaki ya MessagePack (muundo wa kufunga data kwa baiti) juu ya WebSocket, muunganisho wa wavuti unaobaki wazi pande zote mbili. Humo hakivuki kitu hai, inavuka kamusi tu: `op` inataja kinachotakiwa, `seq_number` inaoanisha ombi na jibu, `command_id` inaitambulisha amri.

Msimamo wangu ni kwamba rejea za mbali ziondolewe kabisa. Zinaficha gharama. Mtu anaandika kitanzi cha kuuliza hali ya faili 200, kila faili wito wake. Kama safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 50, hizo ni sekunde 10 za kungoja tu, na kwenye msimbo huoni dalili yoyote. Ukilazimika kuandika ujumbe, utatuma orodha nzima mara moja na kupokea orodha moja.

Tena kuna klasi. Kitu kinachonakiliwa kupitia PB lazima kisajiliwe na upande unaopokea, la sivyo unapata kosa la `InsecureJelly`. Mtendaji mwenye toleo la zamani anakwama kwa sababu ya jina la klasi, wakati data yenyewe ni namba tatu na mfuatano mmoja wa herufi.

Mchangiaji wa kwanza

Sikubaliani, mkuu. Umehesabu gharama za rejea ukaacha faida yake kubwa, yaani habari ya kifo. Muunganisho ukikatika, `notifyOnDisconnect` inaita kila aliyejisajili, na atakayejaribu kuitumia rejea hiyo tena anapata `DeadReferenceError` papo hapo. Ukibadilisha rejea kwa `command_id`, umebaki na jedwali la vitambulisho. Nani anafuta safu zake? Nani anafunga faili iliyokuwa inapokewa ikafika nusu? Kazi iliyofanywa na maktaba kwa muda mrefu unamrudishia kila mwandishi wa zana aifanye upya.

Mleta hoja

Jedwali lipo, sikatai. Lakini liko mahali pamoja na linasomeka. Funga kila kitambulisho na muunganisho wake. Muunganisho ukifungwa, pita kwenye safu zake zote: funga faili zilizo wazi, futa vipande vilivyofika nusu, ndipo utangaze kuwa amri imeshindwa. Ukitangaza kwanza, hatua inayofuata inaweza kuiokota faili pungufu na kuiona nzima. Upande wa rejea, mzunguko wa vitu viwili vinavyoshikana kutoka mashine mbili hauachiwi hadi muunganisho ukatike, kwa kuwa kila upande unahesabu rejea zake tu. Kumbukumbu inavuja polepole na ni shida kuipata.

Na kifo kimyakimya hakiponywi na itifaki yoyote kati ya hizi. Kifaa cha NAT (kinachotafsiri anwani kati ya mtandao wa ndani na wa nje) kikisahau muunganisho uliotulia, hakuna upande unaoambiwa. Mtendaji wa Buildbot kwa kawaida hutuma ishara ya uhai kila sekunde 600, na vifaa vingi havingoji muda huo. Shusha `keepalive` hadi 60.

Mchangiaji wa pili

Mnagombania bomba jembamba. Swali lenye uzito ni mafaili yapite wapi. PB inakataa mfuatano unaozidi KiB 640, kwa hiyo faili linakatwakatwa na kupita katika mkondo uleule wa amri na logi. Itifaki ya utekelezaji wa mbali inayotumiwa na Bazel, zana nyingine ya ujenzi, imelitenga jambo hilo: ujumbe unabeba hashi (alama fupi inayokokotolewa kutoka yaliyomo) na ukubwa kwa baiti, basi. Mteja anauliza kwa `FindMissingBlobs` ni vipande gani havipo kwenye hifadhi ya mbali, anapakia hivyo tu. Vidogo hukusanywa pamoja, vikubwa hupita kwa mkondo wa baiti, maana gRPC, mfumo wa kutuma ujumbe unaobeba itifaki hiyo, kwa chaguo-msingi haipokei ujumbe unaozidi MiB 4. Tangu Bazel 7, matokeo ya katikati hayashushwi hata kwenye mashine ya mteja. Yanashuka yale ya mwisho uliyoyaomba.

Mchangiaji wa kwanza

Na hifadhi ikifuta kipande cha katikati kabla ujenzi haujaisha? Bazel inaweza kutoka na namba ya kosa 39, na aliyeko zamu anaona kosa lisilohusiana na msimbo wake. Hashi nayo ni rejea ya mbali, tofauti ni kwamba haina anayekuarifu ikifa.

Mchangiaji wa pili

Kweli inaweza kufa, ila inafufuliwa: ingizo zikiwepo, kazi hurudiwa na kutoa kitu kilekile, mradi kanuni zako za ujenzi hazichanganyi saa au nasibu. Seva nayo inatakiwa iongeze uhai wa kila kipande ilichojibu kuwa kipo. Pima nafasi ya hifadhi kwa ujenzi mrefu kuliko wote, wastani utakudanganya.

Mchangiaji wa tatu

Niongeze mtego wa data tupu. MessagePack hutenganisha maandishi na baiti. Logi ya kikusanyaji (compiler) hufika vipande vipande, na herufi ya UTF-8 yenye baiti tatu inaweza kukatwa katikati. Ukifasiri kila kipande peke yake, unapata herufi mbovu au programu inaanguka. Katika Python tumia `codecs.getincrementaldecoder("utf-8")(errors="replace")`, kifasiri kimoja kwa kila mkondo: stdout (matokeo ya kawaida) chake, stderr (makosa) chake.

Kwa watendaji wa kudumu wa Bazel, yaani programu zinazobaki hai zikipokea kazi moja baada ya nyingine, itifaki inapita kwenye stdout yenyewe. Maktaba moja ikichapisha mstari hapo, urefu wa ujumbe unaofuata unasomwa vibaya na ujenzi unakwama. Elekeza uchapishaji wote kwenye stderr kabla ya kusoma ombi la kwanza.

Mleta hoja

Kwa anayetaka kuhama: Buildbot inaruhusu itifaki zote mbili kwa pamoja ndani ya `c['protocols']`, kila moja na mlango (port) wake. Waache wengine kwenye 9989, mhamishe mtendaji mmoja, yule mwenye logi kubwa kuliko wote. Kisha mkate mtandao katikati ya upakiaji. Ujenzi uishe kwa hali ya RETRY, yaani urudiwe, na kwenye diski ya msimamizi pasibaki kipande cha faili. Kikibaki, usihamishe mwingine mpaka ujue ni nani alipaswa kukifuta.