Tupeane uzoefu: chama kinaheshimu wanawake, au kinapiga domo tu?

Mwenye mada
Wadau, hapa Kenya kampeni zikianza tu mchezo ni ule ule. Mtu wa upande ule akimtusi mwanamke jukwaani, chama cha upande huu kinatoa taarifa ya kulaani kabla jua halijazama. Siku chache baadaye wa upande huu anatusi vibaya zaidi, na chama kile kile kinasema amenukuliwa vibaya, eti ulikuwa utani. Mliozoea mambo ya afisi za vyama, michujo na kesi zake, tuwekeeni njia za kupima. Hadithi za fulani kafanya vile tuziache, leteni mbinu.

Karatasi Kwanza
Anza na daftari la safu tano: tarehe ya matamshi, aliyesema, chama chake, chama kilisema nini, na baada ya siku ngapi. Safu ya tano ndiyo inayoumbua. Tafuta hotuba nzima, si kipande cha sekunde 30, maana kipande ndicho kinachompa msemaji wa chama mwanya wa kusema "mmekata maneno". Kisha uliza jambo moja: aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu? Taarifa kwa vyombo vya habari haimgharimu mtu chochote. Barua ya kumtaka ajieleze ina tarehe na sahihi, na ndiyo adimu.

Kanuni za maadili zilizo kwenye Sheria ya Uchaguzi ya 2011 zinavitaka vyama viwezeshe wanawake kushiriki siasa kikamilifu. Vyama hutia sahihi kukubali kuzifuata. Wengi wa wanaotia sahihi hawajazisoma.

Hesabu za Wadi
Matusi yanasikika, lakini unafiki mkubwa uko kwenye hesabu za bunge la kaunti, na hapo hakuna anayepiga kelele.

Ibara ya 27(8) na ya 81(b) za Katiba ya 2010 zinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kwenye kaunti, Ibara ya 177 inaziba pengo kwa viti vya uteuzi. Chukua kaunti ya wadi 30, wameshinda wanaume 25 na wanawake 5. Ili wanaume 25 wasizidi theluthi mbili, jumla lazima ifike 38, kwa hiyo wanateuliwa wanawake 8. (Viti vya walemavu, vijana na makundi mengine nimeviweka kando.)

Sasa angalia viti hivyo 8 vinavyogawanywa: kwa uwiano wa viti ambavyo kila chama kimeshinda kwenye kaunti hiyo, bila kujali waliovishinda ni akina nani. Tuseme chama A kimeshinda wadi 18, wote wanaume. Chama B kimeshinda 12, wakiwemo wale wanawake 5. Hesabu inampa A takriban 5 na B takriban 3. Yaani aliyesimamisha wanawake hadi wakashinda anapata vichache, na aliyewafungia mlango anatuzwa wateule wa kujipigia picha nao. Ndiyo maana mratibu wa chama atamwambia mgombea, "Dada, mwachie huyu mzee wadi, wewe tutakuteua." Mteule hana wadi, hana mradi wa kuonyesha, na uchaguzi ujao anaanza upya.

Kwa hiyo usihesabu wanawake wote wa chama. Hesabu waliopewa cheti cha kugombea wadi na maeneo bunge, ukiacha zile nafasi 47 za mwakilishi wa wanawake, kwani huko hakuna mwanamume wa kushindana naye. Halafu tazama wangapi walipewa cheti mahali ambapo chama kina nguvu. Kumpa mwanamke tikiti kwenye ngome ya wapinzani ni kupamba orodha.

Mpwa wa Karani
Nyongeza fupi. Sikiliza swali la "ameolewa wapi?" Akigombea alikozaliwa anaambiwa aende kwa mumewe, akigombea kwa mumewe anaambiwa ni mgeni. Asiyeolewa naye ana lake. Swali hilo likitoka kwa mpinzani, chama hulaani. Likitoka kwa wazee wa chama wakati wa kupatanisha wagombea, linaitwa maafikiano.

Fuata Pesa
Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inanyima chama mgao wa Hazina ya Vyama (fedha za umma za kuendesha vyama) ikiwa zaidi ya theluthi mbili ya maafisa wake waliosajiliwa ni wa jinsia moja. Basi orodha inajazwa manaibu na katibu wa masuala ya wanawake. Wewe tafuta nani anatia sahihi hundi na vyeti vya uteuzi.

Sheria hiyo pia inataka angalau asilimia 30 ya mgao itumike kukuza uwakilishi wa wanawake, vijana, walemavu na makundi madogo. Mtego uko hapo: ni fungu moja kwa wote. Fulana za mkutano wa vijana zinaweza kulimaliza lote. Hesabu za vyama hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali, kwa hiyo soma ripoti na uangalie fungu hilo limeandikwaje. Likiandikwa "uhamasishaji" bila maelezo, uliza.

Na ile punguzo ya ada ya kugombea kwa wanawake isikulevye. Gharama kubwa ni mawakala wa vituo na ulinzi, ambako hakuna punguzo.

Akidi
Usitafute kura za "hapana" kwenye mswada wa kutekeleza ile kanuni ya theluthi mbili bungeni. Mswada wa kubadilisha katiba unahitaji wabunge 233 kati ya 349, kwa hiyo kutokuja kunatosha kuuangusha. Ndivyo ilivyokuwa Februari 2019, ingawa viongozi wa pande zote mbili walikuwa wamejitokeza hadharani kuuunga mkono. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, na Bunge likabaki. Omba rekodi ya waliopiga kura, uwatoe kwenye orodha ya chama, waliobaki ndio jibu.

Karatasi Kwanza
Kwa anayetaka kulalamika rasmi kuhusu mchujo: andikia chama kwanza, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila ushahidi kwamba ulijaribu kumaliza mgogoro ndani ya chama, Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa linaweza kuitupa kesi kabla ya kusikiliza lolote. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe pia na uihifadhi. Usingoje wakujibu hadi orodha ya wagombea ifike kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Ukimya huo huwa ni wa makusudi.