Naomba ushauri: wiki (tovuti inayohaririwa na wasomaji wenyewe) ya maktaba na masimulizi ya wazee, Moshi

Ndugu wanachama, salaam. Ninahudumu katika maktaba ndogo ya jamii hapa Moshi, na tunakusudia kuanzisha wiki ya maarifa ya mlimani: mifongo (mifereji ya asili) ya kumwagilia migomba, kilimo cha kahawa, na historia ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933. Programu ya kuendeshea wiki iitwayo MediaWiki ni ya bure, na huhifadhi kila badiliko la ukurasa, hivyo wasomaji wanaweza kuruhusiwa kuhariri bila kilichokuwapo kupotea.

Kinachonitatiza ni masimulizi ya wazee. Wikipedia hudai vyanzo vilivyochapishwa, ilhali mengi ya haya hayajawahi kuandikwa popote. Ndiyo maana naona heri tuwe na wiki yetu wenyewe. Je, tutumie leseni huria kama ya Wikipedia, inayomruhusu hata mfanyabiashara kunakili, au kila mzee achague mwenyewe? Kwangu si haki hata kidogo kumwekesha sahihi mtu ambaye hajaelezwa hilo kwa Kichaga anachokielewa vyema. Wenye uzoefu, fomu ya ridhaa mliiandikaje, na nani huhakiki kurasa zenu?