Naomba ushauri: exclude() ya Django inaniondolea wasiohusika

Habari wakuu,

Nina modeli mbili (kila moja ni jedwali la kanzidata) kwenye Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti: Mwandishi na Kitabu. Mwandishi mmoja ana vitabu vingi. Kwa filter(), inayobakiza wanaotimiza masharti, sina shida. Ukiweka masharti pamoja, filter(kitabu__lugha="sw", kitabu__mwaka=2020), yote yanabana kitabu kilekile. Ukiyatenganisha, filter(...).filter(...), jedwali la vitabu linaunganishwa mara mbili, kwa hiyo anapita hata mwenye kitabu cha Kiswahili cha 2011 na cha Kifaransa cha 2020. Tena jina lake linaweza kujirudia hadi uweke distinct(), inayoondoa marudio.

Kinachonisumbua ni exclude(), inayoondoa wanaotimiza masharti. Nataka waondoke tu waandishi wenye kitabu cha Kiswahili kilichotoka 2020, lakini hata nikiweka masharti yote mawili kwenye mabano mamoja, yule wa 2011 na Kifaransa naye anatupwa nje. Sijui nani aliona hii ni sawa!

Njia mbili zinanipa jibu sahihi: exclude(kitabu__in=Kitabu.objects.filter(lugha="sw", mwaka=2020)), au filter(~Exists(...)), yaani "hakuna kitabu cha namna hiyo", yenye OuterRef ndani ya kukirejelea kila mwandishi. Kanzidata ni PostgreSQL na jedwali la vitabu linazidi kunenepa.

Mnaotumia hizi kazini, ipi inabaki nyepesi data zikiwa nyingi? Na faharasa (index, ya kuharakisha utafutaji) niiweke kwenye safu ya mwandishi peke yake, au niunganishe na lugha na mwaka? Mkihitaji matokeo ya explain(), yanayoonyesha jinsi kanzidata inavyotafuta data, nitayaweka hapa.